Mjadala: Kinamasi cha Yala, kilimwe au kiachwe?

Jana kwenye matatu ya Kayole jamaa mmoja alisema juu ya Kinamasi cha Yala, kule magharibi mwa Kenya kando ya Ziwa Victoria: "Hekta 17,500 za maji na mafunjo, na sisi Nairobi tunanunua mchele wa nje? Kilimwe chote!" Abiria wengi walimuunga mkono. Naleta hoja yake hapa kwa sababu ina uzito, ingawa siikubali.

Sehemu ilishalimwa. Miaka ya 1960 zilikaushwa hekta 2,300 hivi. Mwaka 2003 akaja mwekezaji wa Kimarekani na mpunga wake, akakaa kama miaka 15, akaondoka.

Kinachoniuma zaidi ni samaki aitwaye ngege. Yule wa asili, Oreochromis esculentus, ndiye aliyewalisha watu wa Ziwa Victoria kabla mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, hajaletwa miaka ya 1950. Huko ziwani karibu ameisha kabisa. Lakini katika Kanyaboli, ziwa dogo lililo ndani ya kinamasi hicho, bado yupo. Aliyemkinga ni mafunjo: maji ya katikati yake yana hewa kidogo, mbuta hayawezi, ngege anayavumilia. Ukifyeka mafunjo umemfungulia mbuta mlango.

Nyanya yangu husuka mikeka kule. Hukata mafunjo yaliyokomaa tu, mundu chini kabisa karibu na maji, machanga anayaruka. Akirudi baada ya miezi kadhaa, pale pale pamejaa tena. Mjomba naye hutega samaki, kamongo na mumi, pembezoni. Kwao hiyo si ardhi iliyolala.

JIBU: Dada, mimi ni wa Bunyala, nauza samaki Gikomba. Mto Nzoia ukifurika tunalala shuleni na watoto. Mafunjo hayalipi karo. Anayemhurumia ngege atatulipia?

Kaka, pole kwa mafuriko, na la karo ni kweli tupu. Lakini kinamasi ndicho kinachopokea maji ya mito ya Yala na Nzoia yakiwa na matope, kikayatuliza kabla hayajafika ziwani. Kikikaushwa, maji hayo yatapita wapi kama si mlangoni kwenu? Mashamba madogo ya wenyeji pembezoni sina neno nayo. Ninachokataa ni kumkabidhi mtu mmoja maelfu ya hekta, halafu mvuvi aambiwe njia ya kwenda majini imefungwa.

Na wewe uliye sokoni utuambie: kwenye meza yako leo, ni samaki wangapi wametoka kwetu, na wangapi wamefika kwa katoni kutoka Uchina?