MREJESHO: Kuwinda kindi msimu wa machipuko Kentucky

Habari wakuu, mie ndo yule niliuliza hapa kama naweza kuanza kuwinda kindi mwezi wa 5 au nisubiri majani yapukutike. Asanteni sana kwa majibu, nimeenda jana na nimerudi na wawili.

Msimu wa machipuko huku Kentucky (Marekani) unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa 5 mpaka Ijumaa ya tatu ya mwezi wa 6, mwisho kindi 6 kwa siku. Mie nimezaliwa baada ya 1975 kwahiyo kozi ya uwindaji ilikuwa lazima, na leseni juu.

Sasa mliponiambia tafuta mforosadi (mulberry), maana kindi wanafuata matunda yake, mlinisaidia mno, maana majani yameziba kila kitu huoni chochote, unasikiliza tu. Nilikaa chini ya mti kabla ya kupambazuka, kimyaa, kama nusu saa hivi nikasikia tawi linatikisika na hakuna upepo, mara vipande vya tunda vinanidondokea begani, kuangalia juu kindi wa kijivu mdomo mwekundu kwa juisi! Shotgani (bunduki ya marisawa) ndo nzuri majani yakiwa hivi, na ile bunduki ndogo ya risasi ya .22 ukipiga juu risasi inaenda mbali sana jamani, hakikisha kuna shina nyuma yake.

Kuchuna nilianzia chini ya mkia, nikaukanyaga nikavuta miguu ya nyuma, ngozi ikatoka. Nimechemsha taratibu na tangawizi na nyanya, wife karudia sahani.

Kupe ni wengi mno, soksi juu ya suruali.