Naomba ushauri: bahari inakula kiwanja cha familia Kunduchi

Wakuu, habari za kazi. Naombeni ushauri kuhusu kiwanja alichotuachia marehemu babu, Kunduchi, Dar es Salaam, jirani kabisa na ufukwe. Kila bamvua (maji yanapojaa sana) la msimu wa kusi, ule upepo utokao kusini, ukingo unameguka. Minazi ya mbele imebaki mizizi nje, mmoja umeshalala mchangani.

Ninavyoelewa, kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini kandokando ya pwani, na kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma unarudi kiasi. Mchanga mpya ulikuwa ukiletwa na mito kama Tegeta na Mbezi, lakini huko juu watu wamechimba mchanga wa ujenzi miaka mingi. Halafu jirani wa upande wa kusini kajenga kizuizi cha mawe kinachoingia baharini. Kwake ufukwe umejaa, kwetu unakwisha.

Wajomba wanataka tuchange tujenge ukuta wa zege. Naogopa sana. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima hurudi na nguvu, linachimba mchanga chini ya msingi, na anayefuata kaskazini anaumia kama sisi.

Je, mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya yanadumu kwenye maji ya chumvi? Mikoko itashika penye mawimbi ya wazi? Na kibali cha NEMC (baraza la taifa la mazingira) tunaanzia wapi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye kuweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni? Aliyepitia haya, hata kama ni Bagamoyo, anisaidie kabla wajomba hawajaita fundi.