Tupeane uzoefu: Ziara za wanafunzi Olkaria na Ngong

Mlezi_wa_Klabu: Walimu wenzangu, msimu wa ziara umefika. Mliopeleka wanafunzi kwenye mitambo ya umeme hapa Kenya, ya mvuke wa ardhini Olkaria au ya upepo Ngong, wekeni hapa mambo ya kufanyia kazi. "Safari ilikuwa tamu" zimetosha.

MwlFizikia: Malizeni somo darasani kabla ya basi kuondoka. Kisima kikifunguliwa kwa majaribio, mvuke hunguruma hata mwalimu asisikike hatua mbili. Mchoro wa njia nzima wanafunzi wawe nao mkononi: kisima (vingine hufika kina cha kilomita 3), chombo cha kutenganisha mvuke na maji, mtambo unaozungusha jenereta, kipozeo, kisha maji kurudishwa ardhini. Kazi ya kule iwe kutambua kila sehemu na kuitia alama.

Waulizeni pia kwa nini mabomba yamepindwa umbo la U kila baada ya hatua kadhaa. Wengi hujibu ni kukwepa mawe au wanyama. Wapigishwe hesabu: chuma hutanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii. Bomba la mita 100 likipanda kutoka digrii 20 hadi 170, linarefuka sentimita 18. Lingenyooshwa, lingeng'oa nguzo zake.

Na lile wingu jeupe juu ya vipozeo si moshi. Ni matone ya maji. Msiposema mapema, nusu ya ripoti zitakuja na "uchafuzi wa moshi".

Nesi_wa_Bweni: Ile harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Kwa hiyo "harufu imeisha" haimaanishi gesi imeisha. Mtoto asiinamie shimo wala mtaro. Wenye pumu wajulikane kwa majina kabla ya siku, wabebe dawa yao ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Viatu vya kufunika vidole, ndala hapana.

Upepo_Juu: Mimi nasimamia upande wa Ngong. Mitambo ya Vestas V52 ina kilowati 850 kila mmoja na duara la mapanga lenye kipenyo cha mita 52. Kupata mizunguko kwa dakika hamhitaji kifaa: hesabuni kila panga linalopita mbele ya mnara kwa sekunde 20. Mapanga ni matatu, kwa hiyo idadi hiyo ndiyo mizunguko kwa dakika. Wakipata 20, ncha ya panga inakimbia karibu kilomita 196 kwa saa, ingawa kwa macho inaonekana inajikokota.

Kosa linalojirudia liko kwenye uzito wa hewa. Vitabu vinatoa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, na hiyo ni ya usawa wa bahari. Huko juu, karibu mita 2,400, tumieni 0.95 hivi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde unapita kwenye duara hilo na takriban kilowati 515, na mtambo hauwezi kunasa zaidi ya asilimia 59 yake. Kipima upepo cha vikombe mkononi nacho kitasoma chini kuliko upepo wa kule juu kwenye mapanga. Waandike kimo walichopimia.

MwlFizikia: @Upepo_Juu hiyo ya sekunde 20 naiweka kwenye karatasi ya maswali.

Mratibu_Safari: Barua iende mapema kwa KenGen, kampuni ya umeme yenye mitambo hiyo: idadi, kidato, tarehe, namba ya basi. Sehemu ya Olkaria iko ndani ya mbuga ya Hell's Gate, hivyo kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori) ni malipo mengine, na ndiyo inayosahaulika kwenye bajeti. Gawanyeni makundi ya watu 15, kila moja na mwalimu wake.

Wanafunzi wataomba kushuka kwenye korongo la Ol Njorowa. Mawingu yakionekana popote upande wa vilima, kataeni, hata kama mlipo jua linawaka. Mafuriko hutokea mbali na kufika ghafla kwenye kuta nyembamba zisizo na pa kupandia. Watu walikufa humo 2012 na tena 2019.

Mlezi_wa_Klabu: Na chakula?

Mratibu_Safari: Kuleni nje ya lango au ndani ya basi. Nyani wa kule hawaogopi sare.