Naomba ushauri: kuondoa kutu kwenye randa na jiliwa kwa kutumia umeme

Ndugu zangu, salaam. Marehemu baba, aliyekuwa seremala hapa Tanga, aliniachia randa ya chuma na jiliwa (kibanio cha kushikia mbao) ambazo zimeliwa na kutu kutokana na hewa ya chumvi ya bahari, na kwa kuwa msasa hukwangua hata chuma kizima, ningependa kuzisafisha kwa elektrolisisi, yaani kwa kupitisha umeme majini.

Ninavyofahamu, kifaa huzamishwa katika ndoo ya plastiki yenye maji ya magadi na kuunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12, huku upande chanya ukiunganishwa na kipande cha nondo kisichogusana nacho. Ninajua pia kwamba stenlesi (chuma kisichoshika kutu) haifai kuwekwa upande chanya, kwani kromiamu yake huweza kugeuka sumu kali majini, na kwamba kazi hii hufanyika nje, mbali na moto, kwa sababu ya gesi ya haidrojeni.

Linalonitatiza zaidi ni magadi yenyewe. Yale ya sokoni huweza kuwa na chumvi, na chumvi ikipitishwa umeme huzalisha klorini, gesi yenye sumu. Je, yupo aliyeyatumia salama, au ni lazima nitafute sodiamu kaboneti safi? Aidha, kisu cha randa ni cha chuma kilichokazwa kwa moto, na haidrojeni huweza kukifanya kivunjike kwa urahisi. Je, nikitenge na kukisafisha kwa mkono? Naomba pia kujua mafuta mnayopaka baadaye, maana chuma kilichotoka majini hushika kutu upya haraka, hasa huku pwani.