Kiti cha kubembea cha babu: nitengeneze au nichongeshe kipya?

Mjukuu_Ilala: Wakuu, habari za jioni. Nimeachiwa kiti cha kubembea cha marehemu babu. Kimelegea, ukikikalia kinalia kwii kwii, na pa kukalia pametoboka. Fundi mmoja anasema kinatengenezeka, mwingine wa Keko anasema nikitupe anichongee kipya cha mninga. Jumapili mama anakuja, nataka niwe nimeshaamua. Nawasilisha.

Bundi: Mkuu, tukujibu nini sasa? Mbao gani? Kilichotoboka ni mbao au henzerani? Bei je? Hata picha hujaweka!

Mjukuu_Ilala: Mbao sijui, nyeusi nyeusi hivi. Henzerani ndiyo iliyotoboka. Kutengeneza laki na nusu, kipya laki nne na nusu.

Mama Salma: Mninga, mwanangu. Bungua hawauwezi. Ila simamia mwenyewe, fundi asikuchanganyie ile mbao nyeupe ya pembeni, hiyo wanaila.

Fundi_Mstaafu: Taratibu. Kipindue kwanza. Kama miguu ya kubembelea imepinda mduara mzima bila kuungwa, hakikuchongwa, mbao ilipindwa kwa mvuke. Thonet wa Vienna alianza kutoa viti hivyo 1860, wengi wakamuiga. Angalia nembo chini ya fremu. Vile vinafungwa kwa skrubu, kaza kabla hujalipa mtu. Henzerani inalowekwa, inasukwa tundu kwa tundu.

Mama Salma: Na huyo msukaji atampata wapi Dar hii?

PanguPakavu: Nisikilize mimi niliyeumwa na nyoka. Cha bibi nilipeleka kwa fundi, mtaa siutaji. Kaniambia siku tatu. Wiki ya sita nakwenda, namkuta mwanawe kakikalia anakula chipsi. Kiliporudi, kimepigwa msasa wa mashine. Mkono wa kulia ulikuwa na kishimo, pete ya bibi ilipakwaruza miaka yote ile, kishimo hakipo. Kwenye kiungo kagongelea misumari ya inchi tatu, mbao imepasuka, kaziba kwa gundi na vumbi la randa. Pa kukalia, plaiwudi na sponji! Juu vanishi inang'aa kama sufuria ya harusi. Mama alikitazama akauliza, "Cha nani hiki?"

Bundi: Plaiwudi? Pole sana ndugu.

Dogo_Temeke: Mnasahau sakafu. Cha kwetu kilikata mkeka wa mama vipande viwili. Halafu, mama yako anakuja kukiona au kukichukua?

Mjukuu_Ilala: Hapo ndipo penyewe. Dada yangu wa Mbagala anadai babu alimwahidi yeye. Fundi, nimekipindua: kuna kikaratasi kimeliwa na mende, nasoma "WIE" tu. Na sakafuni pamebaki vumbi kama unga wa sembe.

Fundi_Mstaafu: Unga? Kitoe nje usiku huu, bungua wasihamie kabatini. Tupia picha ya hayo matundu. Na hicho kikaratasi usikibandue, huenda ni "Wien", yaani Vienna kwa Kijerumani!

Dogo_Temeke: Na dada asiambiwe habari ya kikaratasi 😂

Mama Salma: Mwambieni. Kiti cha watu hicho.