Mjadala: Kamera ikiona kivimbe kidogo utumboni, kinyama kiende maabara au kitupwe?

Wakuu, hili ninalo moyoni. Ipo rai kwa madaktari wa kamera, ile inayoingizwa njia ya haja kubwa kuchungulia utumbo, kwamba kivimbe cha utumbo mpana kisichozidi milimita 5, daktari akikitazama kwa mwanga maalumu na akawa na uhakika, akiamulie papo hapo. Akikikata, kinyama kitupwe. Wanasema vivimbe vidogo hivyo ni nadra sana kuwa na saratani, na ada ya maabara inaokolewa.

Mwanga wenyewe siubishi. Ni wa buluu na kijani tu, nanomita 415 na 540, rangi ambazo damu inazifyonza, kwa hiyo vijishipa vinajitokeza. Nilimsindikiza baba mdogo, mvuvi wa Ukerewe, aliyekuwa akitoa damu chooni. Baada ya kipimo daktari alituonyesha picha mbili. Ya kwanza, ya mwanga wa kawaida, wekundu mtupu. Ya pili, ya mwanga huo maalumu, kijivimbe kama punje ya dengu kimezungukwa na vijishipa vya kahawia, utadhani wavu wa dagaa. Akasema kinafanana na adenoma, ile inayoweza kugeuka saratani miaka ya mbele. Kinyama kikaenda maabara, jibu likarudi: mayai ya kichocho.

Kingetupwa, mzee angepangiwa kamera nyingine baadaye, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, asingepewa.

Chama cha endoskopi (vipimo hivi vya kamera) cha Marekani kiliweka sharti mwaka 2011: uamuzi wa macho ukubaliane na wa maabara kwa angalau asilimia 90 katika kupanga kipimo kijacho. Sawa. Lakini ainisho la NICE, linalotumika sana kusoma picha hizo, lina mafungu 3: kivimbe kisicho na hatari, adenoma, na saratani iliyozama. Fungu la kichocho halimo. Sisi wa ziwani tunaingia wapi?

Mchangiaji, Sengerema: Ndugu yangu, shukuru baba mdogo alikuwa na wewe. Mama yangu alikatwa kinyama, tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu. Nauli, pa kulala, ada ya maabara. Tulirudi tulipouza pamba. Daktari angetuambia siku ileile tungeshukuru.

Mwanzisha mada: Pole sana, na mama mpe pole. Hapo umenigusa. Lakini kilichowatesa ni safari na ada, na jibu lingeweza kutumwa hospitali ya wilaya mkalichukulia huko. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga maji ya ziwa, akija na kivimbe cha milimita 3, naweza kukubali kitupwe. Mvuvi, mlima mpunga, mama anayefua ufukweni, hapana, kinyama chake kipimwe hata kama ni serikali ilipe.

Madaktari mliomo humu, kivimbe cha mtu wa ziwani mnakitofautishaje na adenoma kwa macho tu?