Je, Gone with the Wind iondolewe? Tutazame kwanza kilichofutwa mwaka 1939

Ndugu mleta mada ameuliza kama filamu ya Gone with the Wind, iliyotolewa mwaka 1939, ingali na haki ya kuoneshwa hadharani, na yeye mwenyewe amejibu kwamba haina: inawadhalilisha watu weusi, inaupamba utumwa, na anayeihifadhi anahifadhi tusi. Dada aliyechangia baada yake amepinga, akisema kwamba hii ni hadithi ya mapenzi ya Scarlett O'Hara na Rhett Butler basi, na kwamba kuitafutia siasa ni kuionea. Hoja zote mbili nimezisoma kwa heshima, lakini naona zinapita kando ya jambo lenyewe, na kwa kuwa jambo hili linanigusa, naomba nilieleze kwa kirefu kidogo.

Nianze na tukio moja katika sehemu ya pili ya filamu. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga, vimekwisha kwa Kusini kushindwa, Scarlett anafanya biashara ya mbao mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, na siku moja, akiendesha kigari chake cha farasi peke yake karibu na makazi ya vibanda, anashambuliwa na wanaume wawili, mmoja mzungu na mwingine mweusi, kisha anaokolewa na Big Sam, aliyekuwa mtumwa katika shamba la baba yake. Usiku huo wanawake wameketi sebuleni wanashona. Waume zao hawapo. Inasemekana wamekwenda kwenye mkutano wa siasa. Askari wa Kaskazini wanafika na kuizingira nyumba, naye Melanie, mke wa Ashley, anasoma riwaya ya David Copperfield kwa sauti, huku masikio ya wote yakiwa nje. Hatimaye wanaume wanarudi wakijifanya walevi, Ashley akiwa na jeraha la risasi begani, na Frank Kennedy, mume wa Scarlett, ameuawa.

Nilipoitazama filamu hii mara ya kwanza nilikuwa kijana, na nakumbuka nilikaa roho mkononi nikiwaombea wale wanaume warudi salama. Sikujua walikuwa nani wala walikwenda kufanya nini. Ni miaka mingi baadaye, nilipoisoma riwaya ya Margaret Mitchell ya mwaka 1936 ambayo ndiyo asili ya filamu hiyo, ndipo nilipokuta jina lao limeandikwa waziwazi: Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi.

Jina hilo halikusahaulika kwa bahati mbaya. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, alimwandikia mwandishi wa muswada, Sidney Howard, kwamba hakutaka kazi yao iwe tangazo la vyama vya chuki katika zama zile za ufashisti. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kilichokuwa kikitetea haki za watu weusi, naye alimwandikia Selznick kumhimiza awe mwangalifu, na magazeti ya watu weusi yalipaza sauti. Basi jina la Klan likaondolewa, neno la matusi wanaloitwa watu weusi likaondolewa, na yule mshambuliaji, ambaye riwayani ni mtu mweusi, akafanywa mzungu mwenye mshirika mweusi. Waliopigania mabadiliko hayo waliyahesabu kuwa ushindi, na kwa hali ya siku zile siwezi kuwalaumu hata kidogo.

Lakini tutazame kilichobaki. Msafara wa usiku ulibaki, na hofu ya wake zao ikabaki, na huruma ya mtazamaji kwa wale wanaume ikabaki yote, bila kupungua. Mtu wa Atlanta hakuhitaji kutajiwa jina, maana Klan ya pili ilianzishwa mwaka 1915 palepale jirani, juu ya mlima wa Stone Mountain. Waliohitaji kutajiwa ni sisi wengine, tulioitazama mbali na Georgia na mbali na mwaka ule, nasi ndio tulionyimwa. Kwa maoni yangu, filamu ingelitaja lile jina, ingekuwa chafu zaidi na isingedumu hivi. Uongo wake umeishi miaka mingi kwa sababu ulisafishwa.

Dada yangu anaposema ni mapenzi tu, namwomba amfikirie Abram Colby, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa na kuchaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilohilo la Georgia. Mwaka 1869 watu wa Klan walivunja mlango wa nyumba yake usiku, wakamtoa kitandani, wakampeleka msituni na kumchapa kwa saa kadhaa. Mwaka 1871 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Alipoulizwa waliompiga ni watu wa namna gani, alieleza kwamba baadhi yao walikuwa watu wa daraja la juu mjini kwao: mmoja wakili, mmoja daktari, wengine wakulima. Alieleza pia jinsi binti yake mdogo alivyowasihi wasimchukue baba yake. Sasa rudi kwenye ile sebule. Nani alitoka usiku ule? Ashley, mwana wa mwenye shamba; Frank, mwenye duka; na anayesaidia kuficha siri ni Daktari Meade. Ni watu walewale aliowaeleza Colby, ila kamera imewekwa ndani ya nyumba ya waliotoka kupiga, na mlango uliovunjwa upande wa pili hatuuoni kamwe.

Hivyo ndivyo filamu nzima inavyokieleza kipindi kilichofuata vita, kile ambacho Wamarekani wanakiita Ujenzi Mpya. Kuna mahali mlaghai kutoka Kaskazini anaonekana akiwaahidi watu weusi ekari 40 na nyumbu kila mmoja, nasi tunatarajiwa tumdharau yeye na tuwacheke waliomwamini. Ukweli ni kwamba ahadi ya ardhi ilitoka katika amri halali ya jeshi, Amri Na. 15 ya Jenerali Sherman wa Kaskazini, iliyotolewa Savannah, Georgia, Januari 1865, na aliyeivunja ni Rais Andrew Johnson, kabla mwaka huo haujaisha, kwa kuwarudishia ardhi mabwana wa zamani. Na Septemba 1868, Bunge la Georgia liliwafukuza wabunge weusi waliochaguliwa kihalali, kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura haikuwapa haki ya kushika madaraka. Henry McNeal Turner, mmoja wao, alisimama akawahutubia kwamba hataomba wala kulialia ili apewe kilicho chake. Hotuba hiyo ipo hadi leo, na mimi naona ina mchezo wa kuigiza mkubwa kuliko moto wote wa Atlanta unaooneshwa filamuni.

Kuhusu chanzo cha vita, nitasema kwa ufupi. Georgia ya mwaka 1860 ilikuwa na watumwa zaidi ya 460,000 kati ya watu milioni moja na kidogo, na Alexander Stephens, mwenyeji wa jimbo hilo aliyekuwa makamu wa rais wa majimbo yaliyojitenga, alitamka mjini Savannah, Machi 1861, kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Filamu inafungua kwa maandishi yanayouita ulimwengu huo ndoto inayokumbukwa tu. Haki itendeke, hata hivyo: Rhett anawaambia mabwana wenzake mapema kwamba walicho nacho ni pamba, watumwa na majivuno tu. Ukweli umo mle ndani kwa sentensi moja, kisha saa zaidi ya tatu zinaufunika.

Pamba hiyo, niseme kwa kupita, ilifika hadi kwetu. Kitambaa ambacho bibi zetu wa pwani walikiita marekani kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba ya Kusini, kikaletwa Zanzibar na merikebu za Salem, bandari ya huko kaskazini, na vita vilipoikata pamba, biashara hiyo ikaporomoka. Basi anayetuambia kwamba historia hii haituhusu, nadhani hajaipima vizuri.

Sasa, kwa nini Marekani yote, wala si Kusini peke yake, iliipokea filamu hii kama picha yake yenyewe? Itazame Atlanta ya Desemba 1939. Gavana wa Georgia alitangaza siku ya mapumziko, na mji ukapambwa kwa bendera za upande ulioshindwa vita. Hattie McDaniel, aliyemwigiza Mammy, yaya mtumwa wa Scarlett, hakuweza kuhudhuria uzinduzi kwa sababu ya sheria za ubaguzi, na Februari 1940, alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Oscar, aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyo. Baba yake alikuwa mtumwa, kisha akapigana vita hivyo katika jeshi la Kaskazini. Hebu tulifikirie hilo: binti wa askari aliyepigania uhuru anapewa tuzo kwa kumwigiza mtumwa asiyetaka kuondoka kwa bibi yake. Na katika dansi iliyoandaliwa kabla ya uzinduzi, kwaya ya kanisa la Ebenezer iliimba ikiwa imevalishwa kama watumwa. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka kumi, Martin Luther King. Kwa hiyo wazungu wa Kaskazini na wa Kusini walipatana kwa kutoa kile ambacho hakikuwa chao, yaani kumbukumbu ya watu weusi.

Ndugu mleta mada, maumivu unayoyataja ni ya kweli. Malcolm X ameandika kwamba aliitazama filamu hii mjini Mason, Michigan, akiwa mtu mweusi peke yake ukumbini, na jinsi alivyoona aibu mbele ya uigizaji wa Butterfly McQueen, aliyemwigiza kijakazi Prissy. Hakuna anayepaswa kulazimishwa kuketi katika kiti kile, na ukumbi wa Memphis ulioiondoa kwenye ratiba yake mwaka 2017 ulikuwa na haki ya kuchagua cha kuwaonesha watu wake. Lakini kuiondoa kila mahali ni jambo jingine, kwa maana ni kurudia alichofanya Selznick: kulifuta jina na kuliacha tendo.

Juni 2020, baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi nchini Marekani, HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, iliiondoa filamu hii, na wiki mbili hivi baadaye ikairudisha ikiwa na utangulizi wa Jacqueline Stewart, mwanazuoni mweusi wa historia ya filamu, anayeeleza kwamba inakana ukatili wa utumwa. Naunga mkono njia hiyo, ila sidhani maneno machache ya mwanzoni yanatosha kwa kosa lililofichwa katikati. Mimi ningetaka mwalimu aisimamishe filamu pale Melanie anapofungua kitabu chake, awasomee wanafunzi ushahidi wa Abram Colby, pamoja na yale ya binti yake mlangoni, kisha aiache iendelee mpaka wanaume warudi. Kama ndugu yangu anaona hilo nalo ni kuihifadhi filamu kwa heshima isiyoistahili, naomba anieleze ni kwa njia gani nyingine kijana kama nilivyokuwa mimi angejua alikuwa akimwombea nani.